Mashine Moja, Saa Mbili

WANANCHI WOTE, wakubwa kwa wadogo, wanaosoma na wanaosomewa, mnajulishwa ya kwamba Ijumaa hii, saa nne na dakika ishirini na tano za asubuhi, Kamati Kuu ya Kulinganisha Mifumo ya Mashine itawasili shuleni kwenu kutoka Kabambare, ili kuamua, kati ya mifumo miwili inayokaa ndani ya kompyuta yenu, ni upi ulio halali. Mfumo utakaoshindwa utafukuzwa shuleni pamoja na vitu vyake. Kamati itapokewa kwa wimbo. Kamati inapenda mbuzi.

Barua hiyo ilikuwa na namba, ilikuwa na muhuri wa bluu, na sahihi yake ilijipinda mara saba kama nyoka anayetafuta mlango. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni Kamati. Kamati ya namna hiyo haiko Kabambare, haiko Kasongo, wala haijapata kuwako popote watu wanapovaa viatu.

Jambo hilo liligunduliwa polepole. Siku ya Ijumaa wanafunzi mia tatu na kumi wa shule ya bweni, hapa Kasongo, walipangwa mistari juani tangu saa nne kamili. Walikuwa na wimbo wa beti tatu uliotungwa na Prefe Raphaël mwenyewe, mkuu wa shule, ambamo neno "mfumo" lilipatanishwa vina na neno "mfumo". Kufika saa saba sauti za mstari wa nyuma zilikuwa zimekauka. Saa nane mbuzi, aliyeiva tangu asubuhi, aliliwa na walimu bila mtu kusema neno.

Jumamosi Prefe akafanya upelelezi wake. Ulimchukua dakika arobaini. Ndani ya kompyuta ya shule, upande wa Windows, barua ilikutwa imehifadhiwa, na pembeni yake mashine yenyewe imeandika: Jumanne, 13:10. Yaani saa saba na dakika kumi. Na siku ya Jumanne, saa saba, ndani ya chumba cha mashine alikuwamo mtu mmoja peke yake: Dady, mwanafunzi wa mwaka wa sita, aliyekuwa akifagia kwa adhabu. Kesi ikafungwa. Dady angefukuzwa Alhamisi adhuhuri, wiki tatu kabla ya mtihani wa Serikali. Anayefukuzwa kabla ya mtihani haandikishwi, na miaka sita ya kusoma inarudi naye shambani.

Jumatano, saa tatu asubuhi, akafika opeje Sidonie.

Opeje ni afisa wa polisi mwenye ruhusa ya kupeleleza na kuandika PV, yaani hati rasmi ya maelezo, na huyu alikuwa ameendesha pikipiki mwenyewe kutoka Kabambare, siku moja na nusu, matope yamempaka hadi kiunoni. Hakuja kwa ajili ya mbuzi. Alikuja kwa ajili ya muhuri. Barua ilijifanya imetoka kwa watu wa huko kwao, na anayeiga muhuri leo kwa mzaha, kesho ataiga kwa hati ya mtu kusafiria. Mkubwa wake alikuwa amemwagiza arudi na mtu, au arudi na maelezo ya kutosha. Pikipiki ilikuwa na nafasi moja nyuma.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini inayomlazimisha mtu ainame ili asikie. Miwani yake ilifungwa kwa uzi. Mkononi alivaa saa ndogo ambayo kila asubuhi aliilinganisha na redio kabla hajanywa chai.

Langoni alimkuta mama amekaa juu ya jiwe, kifurushi magotini. Sidonie akazima pikipiki, akamwamkia, akamwuliza anangoja nani.

"Ninangoja mutoto yangu, Dady. Miye Clémentine, wa Wamaza. Walituma neno nikuje kumubeba."

"Umefika lini, Mama?"

"Jana, na miguu." Mama Clémentine akamwangalia yule polisi tangu viatu hadi miwani, akaona hakuna haja ya kuogopa. "Mutoto yangu anapiga ile mashine na kidole kimoja. Mie nimesikia ile barua, iko murefu. Kama ni yeye, mpaka leo angekuwa bado anaandika."

Sidonie akatoa daftari, akaliandika neno hilo kama lilivyosemwa.

Aliyempeleka ofisini alikuwa Placide, mpiga kengele wa shule, naye wa mwaka wa sita. Inafaa kusema hapa, kwa haki, kwamba Placide alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye sura ya kupendeza, na mwenye akili ambazo walimu hawajazipima vizuri. Shingoni alining'iniza kwa kamba saa ya kuamshia, ya mviringo, yenye kofia mbili za kugongea. Kwa saa hiyo shule nzima iliamka, ilikula, ilisali na ilinyamaza. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya jiko. Njiani Sidonie alimwuliza kama anaijua mashine ya shule. Placide akajibu kwamba yeye na mashine hawasalimiani, tangu mwaka jana hajaigusa, yeye ni mtu wa kengele.

Prefe Raphaël aliiweka barua mezani kwa ncha za vidole viwili. Sidonie hakuisoma mara moja. Aliinusa.

"Muhogo," akasema.

Prefe akataka kujua muhogo gani.

"Muhuri huu umechongwa kwa muhogo, Bwana Prefe. Wino umeingia katika nyuzinyuzi, unaona? Na huyu hapa katikati ni ndege gani?"

"Tai," akasema Prefe.

"Ana mdomo mpana. Miguu yake ina ngozi katikati ya vidole."

Prefe akavaa miwani yake, akaitazama alama aliyoiandalia wimbo wa beti tatu.

"Ni bata," akakubali.

Shuleni hapo neno hilo halikuwa dogo. Kompyuta ya shule ilikuwa moja tu, ikila jua la paneli mbili juu ya bati, lakini ndani yake ilikuwa na mifumo miwili. Wa kwanza ni Windows, uliokuja pamoja na mashine. Wanafunzi waliuita Dirisha. Wa pili ni Linux, ambao mwalimu Ruphin alikuwa ameupandikiza pembeni, bila kumwondoa mwenzake. Alama yake ni ndege mnene mweusi wa nchi za barafu, na kwa kuwa Kasongo hakuna aliyepata kumwona ndege huyo, aliitwa Bata. Shule iligawanyika. Watu wa Dirisha walisema Bata ni kwa wasiopenda michezo. Watu wa Bata walisema Dirisha lina homa kila wiki, kwa sababu kila mtu anachomeka humo kle yake, kijiti cha kubebea mafaili, iliyotoka sokoni na wadudu wake. Kulikuwa na meza mbili katika bwalo la chakula ambazo hazikuazimana chumvi.

"Nani ndiye mkubwa wa watu wa Bata?" Sidonie akauliza.

Prefe hakutaka kulisema jina, kisha akalisema kwa furaha isiyofichika: Ruphin. Mwalimu huyo alikuwa ameomba mara tatu Dirisha liondolewe kabisa, na mara tatu amekataliwa. Hapo ofisini, kwa dakika chache, ilionekana kana kwamba kesi imepata mlango mwingine. Sidonie akaandika jina la Ruphin, akaweka chini yake mstari mmoja mwembamba. Kisha akarudi kwenye barua, akapiga kidole mahali pa saa ya Kamati kuwasili.

"Bwana Prefe, wakubwa wetu wa Kabambare, wakiandika kwamba watafika, huandikaje?"

"Asubuhi," akasema Prefe. "Au Ijumaa."

"Huyu ameandika dakika ishirini na tano. Mie sijaona mukubwa wa Serikali aliyefika mahali kwa dakika."

Dady aliletwa. Alikuwa mrefu, mikono yake haikujua pa kukaa. Maswali mengi ya Sidonie yalikuwa ya kawaida, na majibu yalikuwa mafupi. Jumanne alifagia tangu saa saba hadi saa nane. Mashine ilikuwa imezimwa, hakuiwasha. Barua aliiona kwa mara ya kwanza ikisomwa mbele ya mistari. Halafu Sidonie akauliza baada ya saa nane alikwenda wapi, swali ambalo Prefe hakuliuliza Jumamosi, kwa kuwa hakuona haja nalo.

"Nilipewa adhabu ingine, Mama. Sababu sikufagia nyuma ya kabati."

"Adhabu gani?"

"Kupiga magoti. Hapa hapa, kwa ofisi ya Prefe. Mpaka kengele ya masomo, saa tisa na nusu."

"Na hiyo siku, kuna mutu ulimwona anaingia kwa chumba cha mashine?"

Dady hakujibu upesi. Macho yake yalikwenda dirishani, yakavuka ua hadi ilipotundikwa rimu ya lori, yakarudi.

"Sikuona mutu," akasema.

Sidonie aliandika jibu, na pembeni yake akaandika pia kimya kilichotangulia.

Saa nne kasoro dakika kumi Sidonie aliingia chumba cha mashine na mwalimu Ruphin. Mwalimu huyu alikuwa mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alianza kujitetea kabla ya kushtakiwa: bata wa muhuri si wake, muhogo hali, na kama angetaka kulifukuza Dirisha angelifukuza mwenyewe kwa robo saa, bila kamati wala mbuzi. Sidonie akamwomba awashe.

Mashine ilipiga kelele kidogo, kisha kioo cheusi kikaonyesha mistari miwili ya maandishi meupe.

"Hapa ndipo unachagua," Ruphin akasema, na sauti yake ikatulia kwa mara ya kwanza. "Disk ni moja, nimeikata vipande viwili. Ni kama mutu mwenye bibi wawili katika ua moja. Kila mmoja na jiko lake. Ukiingia kwa huyu, yule amelala."

"Wanaonana?"

"Bata anaona jiko la Dirisha. Anaweza kuchukua kitu mule na kuweka kitu. Dirisha, yeye, haoni kitu kwa Bata, anafikiri ile ni ukuta."

"Barua ilikutwa kwa nani?"

"Kwa Dirisha. Lazima. Mashine ya kuchapisha inasikia Dirisha tu. Kwa Bata nimejaribu miezi minne, inanyamaza." Hilo lilimuuma kulisema.

Wakaingia kwa Dirisha. Barua ilikuwapo, na tarehe yake, na ile 13:10 iliyokuwa inamtoa Dady shuleni. Sidonie hakuiangalia sana. Alikuwa anaangalia pembe ya chini ya kioo, kulia, mahali ambapo mashine huandika saa ya sasa. Kisha akaangalia mkononi mwake.

"Mwalimu, sasa iko saa ngapi?"

Ruphin akatoa simu, ambayo hupata saa yake kutoka kwenye mnara wa mtandao. Ilikuwa 9:50. Saa ya Sidonie ilisema hivyo hivyo. Mashine ilisema 7:54.

Ruphin akainama, akasogea, akavua miwani na kuivaa tena. Yeye huwa haangalii pembe hiyo. Yeye haangalii Dirisha zaidi ya vile mtu anavyoangalia sufuria ya jirani. Prefe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema mashine ni mzee, na saa ya mzee huchelewa.

"Inachelewa saa moja na dakika hamsini na sita," akasema Sidonie, na akaandika. "Hebu tuende kwa bibi wa pili."

Wakazima, wakawasha, wakachagua mstari mwingine. Bata akafunguka. Saa ya Sidonie ilikuwa inaonyesha 9:58. Pembeni ya kioo Bata aliandika 10:02.

Ruphin akakaa juu ya benchi. "Hii si kawaida," akasema. "Tangu niliweka Bata, ni yeye aliyekuwa mbele, saa mbili kamili. Mimi nimezoea, ninaangalia simu yangu. Na Dirisha ilikuwa sawa. Sasa Bata yuko karibu na ukweli, na Dirisha imerudi nyuma."

"Kwa nini Bata alikuwa mbele?"

Hapo Ruphin akasahau kwamba anashukiwa. Alieleza kwamba ndani ya mashine kuna saa moja tu, ndogo, inayoishi kwa betri kama ya redio, na mifumo yote miwili huitazama hiyo hiyo. Dirisha linaitazama na kuamini kwamba ni saa ya hapa. Bata anaitazama na kuamini kwamba ni saa ya Greenwich, kule Ulaya, basi anaongeza mbili ili apate ya kwetu. Saa ni moja, wanaoisoma ni wawili.

Sidonie akatafakari kidogo. "Kama ile ya ukutani kwa Prefe," akasema. "Mushale uko kwa moja. Mwalimu wa Kifaransa anasoma treize heures, kumi na tatu. Mama wa sokoni anasoma saa saba. Hakuna anayesema uongo, na mushale haukutembea."

Ruphin alimwangalia kwa heshima. Alikuwa amelifundisha jambo hilo kwa miaka mitatu bila kufikiria mfano huo.

"Basi," Sidonie akaendelea, "mutu aliingia kwa Bata, akaona yuko mbele saa mbili, akamurudisha. Na kwa kumurudisha, akairudisha ile saa ndogo ya ndani. Alipotoka kwa Bata na kuingia kwa Dirisha ili achapishe, Dirisha ikaandika nini?"

"Saa mbili nyuma," akasema Ruphin polepole.

"Pale ilipoandika 13:10?"

"Ilikuwa kama 15:10."

Prefe alikuwa ameishika barua. Yeye alikuwa ameitafsiri saa hiyo vizuri kabisa kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, bila kosa. Hakujua tu kwamba kabla ya kufika kwenye Kifaransa ilikuwa imepitia kwa Bata. Sidonie akamgeukia.

"Bwana Prefe, Jumanne, saa tisa na dakika kumi, Dady alikuwa wapi?"

Prefe alikohoa. Aliangalia dari ya chumba, ambayo haikumsaidia.

"Alikuwa ofisini kwangu," akasema. "Amepiga magoti."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa ninamuhesabia."

Hapo mpelelezi wa kawaida angepumzika, kwa maana mtoto wa Mama Clémentine alikuwa ameondolewa kwenye magoti yake. Lakini Sidonie alikuwa ametumwa kuleta mtu au maelezo, na katika maelezo yake bado kulikuwa na kitu kilichobaki sahanini. Saa mbili zilikuwa zimepata mwenyewe. Dakika nne hazijapata. Kama aliyeirekebisha saa ya Bata aliirekebisha kwa uangalifu, kwa nini aliiacha mbele dakika nne? Aliuliza saa ya Prefe: ilikuwa nyuma dakika kumi, na Prefe alijivunia jambo hilo kwa sababu alirithi saa hiyo. Ya Ruphin ilikuwa sawa na redio. Dady hana saa. Simu kwa wanafunzi ni marufuku.

Alikuwa bado amesimama dirishani, akiyapanga hayo kichwani, rimu ya lori ilipolia. Mapumziko. Ua ukajaa watoto. Sidonie akageuza mkono, akaangalia. Kwake ilikuwa saa nne na dakika ishirini na moja.

"Mapumziko yenu ni saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini na tano," akasema Prefe kwa fahari. "Na haijapata kuchelewa."

Sidonie aliirudia dakika hiyo kwa sauti ndogo, mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. Alikuwa ameisoma mahali fulani asubuhi hiyo. Akafunga daftari, akamwomba Ruphin awashe tena upande wa Dirisha na asifungue mdomo hata akichomwa, akamtuma Prefe amwite Dady, na mpiga kengele pia.

Placide akaja kwa hatua za mtu asiye na neno moyoni, saa yake ikiruka kifuani. Sidonie alikuwa amekaa mbele ya kioo. Alimwambia kwamba kazi yake imekwisha, anarudi Kabambare, ila kwa heshima ya shule anataka kuirekebisha saa ya mashine iliyochelewa. Na kwa kuwa hapa mwenye saa ni mpiga kengele, ampatie saa kamili.

"Saa nne na dakika arobaini na moja, Mama," akasema Placide bila kusita.

Mkononi mwa Sidonie ilikuwa thelathini na saba. Alipeleka mshale wa kioo pembeni, akafungua mahali pa kubadilisha saa, na kwa kidole kimoja akaanza kufuta ile nane ili aandike kumi.

Placide alivumilia. Itakumbukwa kwamba alikuwa kijana mwenye adabu. Lakini kuna watu ambao hawawezi kuona sufuria ikimwagika, na kuna watu ambao hawawezi kuona saa ikiharibiwa.

"Mama, usiguse fasi hiyo," akasema. "Ukiipeleka Dirisha mbele, Bata ataruka mbele tena saa mbili."

Sidonie akaondoa kidole.

"Tena?" akauliza.

Chumba kizima kililisikia neno hilo. Ni neno dogo, linaingia katika sentensi bila kugonga hodi. Mtu ambaye hajaigusa mashine tangu mwaka jana hana "tena" ya kusema.

Sidonie hakupandisha sauti. Alimweleza Placide mambo manne, moja baada ya jingine, kwa upole wa mtu anayemvalisha mtoto shati. Kwamba saa ya Bata iko mbele dakika nne, na saa moja tu katika shule yote iko mbele dakika nne, nayo imening'inia hapo kifuani. Kwamba aliyeandika barua aliikaribisha Kamati kwa dakika ya kengele ya mapumziko, kwa sababu mtu anayeishi kwa dakika husahau kwamba wengine wanaishi kwa asubuhi na jioni. Kwamba saa tisa na dakika kumi wanafunzi wote wako mtoni wanaoga, isipokuwa anayepiga magoti na anayechunga kengele. Na kwamba jikoni, karibu na rimu ya lori, si kazi kuokota muhogo.

Placide alijaribu milango mitatu. Alisema labda mtu aliazima saa yake. Lakini alikuwa amejisifu mara nyingi kwamba analala nayo. Alisema labda Mwalimu Ruphin. Ruphin akamwangalia tu. Alipofungua mdomo kwa mara ya tatu, Dady, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema:

"Nilikuona. Fasi nilipiga magoti, dirisha ya Prefe inaangalia mulango huu."

Sidonie akamgeukia. "Asubuhi uliniambia hukuona mutu."

"Ndiyo, Mama. Nilidanganya."

"Tangu Jumamosi wanakufukuza. Mama yako anakaa juu ya jiwe. Kwa nini hukumutaja?"

Dady aliangalia mikono yake, ambayo bado haikujua pa kukaa.

"Nilikuwa ninamungoja," akasema. "Nilijua atasema mwenyewe."

Baada ya hapo hakuna mlango uliobaki, na kusema kweli hakuna aliyeutafuta. Sidonie akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akamwuliza mpiga kengele jina lake kamili kwa ajili ya PV.

Jina hilo ni langu. Placide ni mimi.

Barua niliiandika upande wa Bata, mahali ambapo hakuna anayechungulia, nikaipeleka kwa Dirisha nipate kuichapisha. Ile saa niliirekebisha kwa sababu ilikuwa inasema saa kumi na moja wakati ni saa tisa, nami siwezi kufanya uovu ndani ya chumba chenye saa isiyo sahihi. Nilikusudia kujitaja Ijumaa hiyo hiyo, watu watakapoanza kucheka. Lakini watu hawakucheka. Wale wa mstari wa nyuma walikaa chini mmoja mmoja, mbuzi akaliwa kimya, na Jumamosi lilipotajwa jina la Dady niliona ni vizuri ningoje hadi Jumapili, na Jumapili nikaona Jumatatu. Kila asubuhi nilimwamsha kwa kengele yangu, naye alipita mbele yangu na ndoo yake akaniamkia.

Opeje Sidonie alichukua kipande cha muhogo nilichochongea muhuri, akakifunga ndani ya PV, akasema maelezo yanatosha kwa mkubwa wake, ila akisikia tena habari ya muhuri kutoka Kasongo ile nafasi ya nyuma ni yangu. Siku hiyo nafasi ilikaliwa na Mama Clémentine, hadi Wamaza, kifurushi magotini. Kabla ya kupanda aliniita. Nilifikiri atanipiga, na ningekubali. Aliniuliza tu kama nimekula.

Prefe ameniadhibu niandike habari hii kwa Kiswahili safi, bila kujisifu, niisome mbele ya mistari yote, juani. Kuhusu sura ya kupendeza, ameagiza niifute. Nitaifuta nikipata kifutio.

Kengele sasa inapigwa na Dady, hadi siku ya mtihani, kwa saa ya redio. Jana alfajiri nilikuwa macho, ninangoja rimu ilie, na haikulia. Nilihesabu dakika moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Miaka miwili nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba ninawatoa darasani mapema. Sikuwahi kuwaambia kwamba ni mimi pia niliyewaibia usingizi. Ninakiri na hilo, ingawa opeje hakuliuliza.